Fungu la Mujaja

Mahakama ya Wilaya,
Biharamulo.
15 Januari, 1979

Mdogo wangu Zita,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya: tumemkamata mzungu!

Salamu zitafuata mwishoni, leo zivumilie. Miaka mitatu nimekuwa mkalimani wa mahakama hii nikitafsiri kesi za mbuzi na mipaka ya mihogo, na yule mzee wa Nyarubungo anayemshitaki mkwewe kila msimu wa maharage. Leo asubuhi nimetafsiri Kiingereza! Mzungu mzima, ndevu mpaka kifuani, kandambili miguuni, pasipoti ya Australia. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa alifunga madarasa kwa kisingizio cha somo la siasa.

Ilikuwa hivi. Jumanne iliyopita mgambo wa kizuizi cha Nyarubungo walimshusha kwenye lori la mihogo likitokea Ngara. Unajua tangu vita vianze kila mgeni ni jasusi mpaka athibitishe si jasusi. Felisiani, mkubwa wa mgambo pale kizuizini, aliniambia walipekua begi wakitafuta redio ya kuongea na adui. Redio hawakuiona. Ndani ya mfuko wake wa kulalia wakakuta bangi, nusu kilo kamili. Felisiani anatembea kama ameshapewa nishani.

Sasa sikia kichekesho. Aliposomewa shitaka, mzungu akacheka! Akasema kwao mtu hulipa faini, hukaripiwa, huenda zake nyumbani, na yeye alikuwa anakwenda Serengeti kuona simba, basi tumwambie kiasi gani alipe. Hakimu akavua miwani. Akaniambia, "Mwambie hayuko kwao." Kisha akaniambia, "Mwambie pasipoti inavusha mpaka, haivushi sheria." Nikamwambia. Akaomba ubalozi wake. Akajibiwa kwamba polisi wameshapiga simu Dar es Salaam siku ya tatu tangu akamatwe, jeshi ndilo lilikuwa limeshika laini, na jibu limekwisha kuja: wamesikia, watamtumia barua, lakini atahukumiwa na sheria ya nchi aliyomo. Zita, uso ulimbadilika ukawa jivu. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba kuna miaka mbele yake, si faini.

Na utetezi wake je? Ati alilala kijiji kimoja karibu na mpaka, jina gumu hawezi kulitamka, na bibi mmoja akampa fungu la majani, akamwambia asilifungue mpaka afike aendako. Mahakama nzima ilicheka mpaka hakimu akagonga meza. Mimi mwenyewe nilicheka, ingawa mkalimani haruhusiwi kucheka. Kila mwizi ana bibi yake!

Majani yamepelekwa Mwanza kwa mkemia. Kesi itasikilizwa tarehe 26 Februari. Msomee Mama barua hii yote, atacheka. Mwambie sijakonda.

Ndimi kaka yako,
Gozbert


Shule ya Msingi,
Murusagamba.
24 Januari, 1979

Kaka Gozbert,

Shikamoo. Sisi wazima, maharage yametoka vizuri, kuku ndio wanasumbua. Barua yako niliipokea kwa Anatoli dereva, inanuka dizeli mpaka nikapiga chafya. Nimeisoma mara nne.

Mama sijamsomea yote. Nilimwambia hujambo na kazi ni nyingi. Akauliza kama umekonda, nikasema hujakonda. Mengine nimeyaweka, maana unajua anavyochukulia mambo ya watu moyoni.

Sasa kaka, wewe mtu wa sheria nisaidie, kuna jirani ananiuliza. Ni Niragira, yule aliyehamishiwa hapa kijijini mwaka wa operesheni. Anasema wazee wengi wanaweka kifungu cha bangi juu ya dari ya jikoni, si cha kuvuta, ni cha kuku. Kideri kikiingia wanachemsha kidogo wanawanywesha. Je, na huyo ni mhalifu? Na kama mtu kama huyo amempa mgeni impamba yake ya njiani, akakosea fungu, anafungwa nani? Aliyepewa au aliyetoa? Na kama hakujua?

Naye huyo mzungu ametaja jina la bibi mwenyewe? Amesema nyumba ikoje? Wanampa chakula? Kolin amekonda sana?

Nijibu upesi, tafadhali, Niragira hana amani kabisa.

Mdogo wako,
Zita


Mahakama ya Wilaya,
Biharamulo.
5 Februari, 1979

Zita,

Marahaba, ila leo salamu ziishie hapo.

Niragira hafugi hata kifaranga. Na mimi sikuandika popote kwamba mzungu anaitwa Kolin.

Nilisoma barua yako saa nne. Saa tano nilikuwa rumande. Nilimdanganya askari kwamba nina karatasi za kumsomea mshitakiwa. Nikamuuliza mzungu, hiyo nyumba uliyolala ilikuwaje? Akasema ina maua ya njano mlangoni, na kwamba alifika na homa, akalazwa siku mbili, akapewa uji wa mtama. Akasema alikuwepo binti mwalimu mwenye pengo aliyemfundisha kuhesabu Kihangaza, na mpaka leo anajua moja hadi saba. Akanihesabia! Hiyo sauti ya kusema "tano" ni yako kabisa.

Kwa hiyo yule bibi niliyemcheka mbele ya mahakama ni Mama yetu.

Sasa sikiliza vizuri. Sheria haina bangi ya kuku. Aliyenayo ana kosa, aliyemfichia mwenzake ana kosa, aliyempa mtu ana kosa zaidi. Hakimu anaweza kuangalia umri na kutokujua, lakini kuangalia si kuachilia, na wakati huu wa vita mtu aliyemlaza mgeni bila kumpeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi hapendwi na mtu. Mlimpeleka kwa mjumbe? Najua hamkumpeleka.

Nikisema, Mama anaingia gerezani akiwa na miaka sitini na tatu na mgongo wake ule. Nisiposema, mtu aliyekula uji wetu anafungwa kwa kosa la nyumba yetu, na mimi ndiye nitakayemtafsiria hukumu. Nimekaa na jambo hili kutwa nzima. Nimeamua kunyamaza. Nachukia kuandika hivyo, lakini nimeamua.

Kama bado kuna kitu darini, choo kiko nyuma ya nyumba. Sentensi hiyo mimi sijaiandika. Choma barua hii. Na Mama asijue hata nukta moja, maana akijua hatakaa kimya, unamfahamu.

Kaka yako,
Gozbert


Murusagamba,
Jumamosi, 24 Februari, 1979
(Kwa mkono wa katekista Ansbert. Ni ya haraka!)

Kaka!

Shikamoo nitakupa siku nyingine. Mama anakuja huko! Anakuja kujifungisha, na fungu halikuwa lake! Soma mpaka mwisho kabla hajafika mahakamani, nakuomba kwa jina la marehemu baba.

Barua yako ya tarehe 5 niliipata tarehe 8. Siku hiyo hiyo Mama alipokwenda kuchota maji nilipanda kwenye utara, ile dari ya juu ya mafiga. Unakumbuka mafungu yake mawili, yote kwenye maganda ya mgomba: la mujaja wa chai upande wa mlango, la kuku upande wa ukuta. Kaka, la kuku lilikuwepo! Pale pale, lina vumbi la miaka na utando wa buibui, halijaguswa. Lililokosekana ni la mujaja. Mama alimpa mgeni majani ya chai, basi! Mzungu anaongopa!

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikaogopa tena, nikalichukua lile la kuku nikalitupa chooni kama ulivyosema bila kusema, na pale pa mujaja nikaweka fungu jipya ili Mama asione utara mtupu. Kesho yake nikakuandikia barua ndefu kueleza yote, nikampa Anatoli. Nikalala usingizi mtamu wiki mbili nzima! Kumbe lori la Anatoli lilichukuliwa siku hiyo hiyo kubeba mahindi ya wanajeshi, na jana amerudi na barua yangu bado imo kwenye mfuko wa koti lake. Nilimtukana mpaka wanakijiji wakatoka nje.

Na si hilo tu alilolifanya. Jana sokoni amewasimulia watu kesi ya mzungu, kwa vichekesho, akimwiga anavyosema "bibi, bibi". Mama alikuwa palepale anauza ndizi. Akaja nyumbani, akaenda jikoni, akapapasa utara. Nilikuwa nasahihisha madaftari ndani, nikamsikia anasema, "Mikono yangu! Mikono yangu imemfunga mtoto wa watu!"

Kwa sababu la mujaja lipo na la kuku halipo, kaka. Mimi ndiye niliyelitupa na sikumwambia. Naye anaamini alimpa mzungu hilo.

Ungeniuliza kwa nini sikutoka nikamwambia palepale. Niliogopa. Nilijua atauliza nililitupa lini, na kwa nini, na nani kaniambia, na tangu lini nyumba hii inafichana. Nikajisemea nitamwambia asubuhi, akiwa ametulia. Asubuhi nilikwenda na watoto shamba la shule. Niliporudi saa sita nikamkuta Niragira mlangoni, ameshika ufunguo. Mama amevaa kitenge chake cha Pasaka, amepanda lori la Anatoli. Atalala Bukiriro kwa shangazi Eustakia, Jumapili anafika kwako au kwa masista, Jumatatu yuko mahakamani. Alimwachia Niragira maneno: "Mwambie Zita alishe kuku. Ninaweza kukawia."

Kukawia! Anakusudia jela, na anaita kukawia!

Gari jingine hakuna. Ansbert ana pikipiki ya misheni na ataondoka akipata mafuta. Akikufikia kabla ya Mama, mzuie mlangoni. Mwambie ni mimi. Mwambie anipige akirudi.

Zita


Biharamulo.
27 Februari, 1979

Mdogo wangu Zita,

Mama ni mzima, hajafungwa, yuko kitandani kwangu analalamikia godoro. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukipumua.

Barua yako ilifika! Ilifika saa tatu kasoro dakika moja. Ansbert aliniwekea mkononi kwenye mlango wa mahakama, matope mpaka kwenye nyusi, na palepale askari akapaza sauti, "Mahakama!" Nikaitia kwenye mfuko wa koti. Nilidhani ni habari za maharage. Kwa hiyo yote nitakayokusimulia sasa, fahamu kwamba barua yako ilikuwa kifuani kwangu imefungwa.

Mama sikujua yuko mjini. Alifikia kwa masista bila kuniambia. Nilishakula kiapo, nimegeuka kuangalia watu, namwona benchi la mbele, kitenge cha Pasaka, mikono juu ya magoti. 

Mkemia alikuwa amejibu kwamba ni bangi. Kielelezo kikaletwa kwenye bahasha ya kaki yenye lakiri, kikamwagwa mezani. Felisiani akatoa ushahidi kwa sauti ya gwaride. Mzungu akapewa nafasi yake, akarudia yaleyale: bibi, fungu, usifungue mpaka ufike. Watu wakacheka tena. Safari hii mimi sikucheka.

Mama akasimama. "Ni mimi," akasema, kwa Kihangaza.

Hakimu akauliza huyu mama ni nani na anasemaje. Nikasema, "Mheshimiwa, anasema ni yeye. Naye ni mama yangu mzazi." Hakimu akauliza kama yupo mtu mwingine wa kutafsiri Kihangaza. Hayupo, mwenzangu ameitwa jeshini tangu Desemba na tarishi ni Msukuma. Basi hakimu akanitazama akasema, "Utatafsiri wewe. Kumbuka kiapo. Ukipunguza neno moja, nitakuweka pale kizimbani pamoja nao." Kisha akamwonya Mama kwamba halazimishwi kusema jambo la kujitia hatiani. Nikamtafsiria polepole sana, nikimkonyeza. Mama akanikemea mbele ya watu wote! "Acha kufumbafumba macho. Mwambie najua. Sikuja huku kutembea."

Nikatafsiri na hilo. Kiapo ni kiapo.

Akasema hivi. "Mtoto huyu alinijia na homa. Nilimlaza, nilimpa uji, siku ya tatu akataka kwenda. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Nilimfungia impamba, nikamwambia asiifungue mbele yangu wala njiani, maana anayefungua mbele ya aliyempa ni kama anaikagua. Nilikusudia majani ya chai. Juu ya moto wangu nina mafungu mawili, la chai na la kuku. Juzi nimetazama, la chai lipo, la kuku halipo. Basi mikono yangu imekosea. Yeye alifanya nilivyomwambia, hakufungua. Mfungueni mgeni wangu, nifungeni mimi."

Akaonyeshwa yale majani mezani. Akayainamia, akayanusa, akasema ndiyo, ni yangu.

Nilitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya hakimu. Kisha ikanibidi nigeuke nimtafsirie mshitakiwa kwa Kiingereza. Nilifika kwenye "nifungeni mimi" sauti ikakatika. Nikaanza tena. Ikakatika tena. Nililia, Zita, nimevaa tai ya serikali na nalia, na sioni haya kukwambia.

Mzungu alikuwa ameshika ubao wa kizimba. Hakumtazama hakimu, alimtazama Mama. Halafu akasema kwa Kiswahili, neno pekee la Kiswahili nililowahi kumsikia nalo ukiacha "bibi", "Basi." Akasema tena, "Basi, basi." Kisha Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na mimi nyuma yake nakimbiza: kwamba ile bangi aliinunua mwenyewe ng'ambo ya mpaka kabla hajafika kwetu. Aliishona kwenye mfuko wake wa kulalia akiwa na homa yake kitandani kwa Mama! Bibi alimpa majani ya chai, na mgambo waliyakuta, wakayanusa, wakayachemsha jioni ileile pale kizuizini wakanywa. (Felisiani alianza kuhesabu mabati ya paa.) Alimtaja bibi kwa sababu alijua hatapatikana, na kwa sababu aliogopa, na kwa sababu alidhani bibi wa kijijini asiye na jina hadhuriki. Hakujua kama angekuja kwa lori.

Watu walipiga kelele! Wanawake walisimama kwenye mabenchi, mmoja akapiga kigelegele, sijui cha nini. Hakimu aligonga meza mpaka wino ukamwagika.

Hukumu: miezi kumi na minane, kazi ngumu, akimaliza arudishwe kwao na asikanyage tena hapa. Hakimu alisema kama si ile kweli ya mwisho ingekuwa miaka mitatu. Mzungu aliuliza swali moja tu, kama anaweza kulipa badala yake. Nikajibiwa nimwambie hapana. Akaitikia kwa kichwa. Akatoka na askari.

Ukadhani imekwisha? Inspekta anayeendesha mashtaka akasimama akasema mama huyu amekiri mbele ya mahakama kwamba anaweka bangi ya kuku. Hakimu akamuuliza Mama iko wapi. Mama akajibu, "Ilikuwepo. Sasa haipo, na kama huyu hakuichukua, mimi mwenyewe nataka kujua nani kaichukua." Hakimu akamwambia inspekta akiipata ailete, na akamwambia Mama kuku wa kideri apelekwe kwa bwana mifugo. Mama akasema bwana mifugo alionekana kijijini mara ya mwisho mwaka wa Azimio. Hilo nilikohoa kwanza, halafu nikatafsiri.

Barua yako niliifungua nje kwenye ngazi. Nikakaa palepale. Ningeisoma dakika kumi kabla, ningemvuta Mama nje kwa mkono, na mzungu angeendelea na hadithi yake ya bibi. Mimi ningemwambia nini hakimu? Kwamba dada yangu amekitupa chooni kithibitisho pekee kwamba mama yetu hana hatia? Kwa ushauri wangu?

Mama anarudi Ijumaa. Njia nzima kutoka mahakamani aliniuliza swali moja: kama mzungu alikuwa na yake, ya kuku imekwenda wapi? Hilo ni lako kulijibu, mdogo wangu.

Gozbert


Murusagamba,
12 Machi, 1979

Kaka Gozbert,

Shikamoo. Nimemwambia.

Nilimwambia kabla hajavua viatu. Nilikuwa nimekata mwenyewe fimbo ya mkaratusi nikaiweka pale mlangoni, yaishe mapema. Hakuishika. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Ulikuwa chumba cha pili, ukanisikia nalia mikono yangu, ukaendelea kusahihisha madaftari?" Nikasema ndiyo. Hakupiga, kaka, hakutukana. Alilia. Heri angenipiga.

Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu akanihukumu, nitakuambia ilikuwaje ukija. Ujue tu kwamba na wewe hukumu yako inakusubiri. Nilimwambia wazo la choo lilitoka kwa nani, nisamehe, nilikuwa nimeanza kusema kweli nikashindwa kusimama.

Jana aliniita na kalamu. Amemwandikia mzungu. Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno, alinifanya nimrudie kumsomea mara tatu. Anasema umpelekee gerezani, umsomee kwa Kiingereza kama ulivyotafsiri mahakamani, usipunguze na usilie. Nimeiweka humu.

Mdogo wako,
Zita


Murusagamba,
11 Machi, 1979

Kolin,

Ni mimi Rozalia, yule uliyemnywea uji. Anayeandika ni Zita, unamjua.

Homa imekwisha? Waambie wakupe dawa, usilale sakafuni bila kutandika kitu.

Sasa nisikilize. Ulinisingizia. Ulisimama mbele ya watu wenye akili zao ukasema mimi ndiye niliyekupa uchafu ule. Nimekaa ndani ya lori siku mbili nikiitazama mikono yangu hii, nikisema imezeeka, imeanza kudhuru watu, hainifai tena hata kumfungia mgeni chakula. Ulinifanya niichukie. Uliposema kweli nilifurahi, siwezi kukuficha, karibu nikukumbatie na hizo pingu zako. Halafu usiku nikakasirika upya.

Serikali imekuhukumu kwa bangi. Bangi ni ya serikali, siingilii. Lakini ule uongo uliusema juu yangu, na huo haujahukumiwa.

Kwetu mtu akimsingizia mtu mzima huleta mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri. Hukaa chini mbele ya watu wa nyumba ile, husema kwa mdomo wake mwenyewe, "Nilisema uongo." Kisha wote wanakunywa, na atakayelitaja jambo hilo tena ndiye mwenye kosa. Hakuna kifungo. Ni mtungi tu na mdomo.

Gozbert ananiambia siku yako ikifika watakupeleka moja kwa moja kwenye ndege. Nimemwambia amwandikie hakimu wakupitishe hapa kwanza, na askari wako, naye atakunywa. Kama hakimu atakataa, nitakwenda kumwona mwenyewe, njia naijua sasa.

Usiniletee zawadi. Ndizi nitakupa mimi, utakamua mwenyewe, Zita atakuonyesha. Mtungi usiwe mdogo, sisi ni wengi. Zita wa kwake amekwisha kuleta na tumeunywa. Gozbert anakuja na wake Pasaka. Umebaki wewe.

Rozalia